Cherehani Tisa za Ghala la Tumbaku

Uliivaa. Usiniambie hukuivaa. Mwaka ule wa ugonjwa, kabla hujaambiwa uivue, ulikuwa nayo puani: kipande cha kitenge, mikunjo mitatu, mpira wa kuning'iniza masikioni. Uliinunua stendi au uligawiwa kazini, ukapumua ndani yake, ukarudi kwa watoto wako ukiwa mzima. Hata siku moja hukuuliza imeshonwa na nani. Uliposikia mambo yamekwisha uliitupa mtaroni, na aliyeishona ukamtupa pamoja nayo. Tangu hapo umempita mara nyingi. Umemwona ameketi barazani, ukajifanya una haraka.

Basi leo huna haraka. Msikilize.

Anaitwa Eustadia, mwenyeji wa kijiji cha Puge, mkoani Tabora, mjane, mshonaji. Cherehani yake aliachiwa na mama yake, Recheli, aliyeipata kwa jasho la karanga, enzi zile karanga za huku zikijaza mabehewa kwenda pwani na mabehewa yakirudi na upepo. Mama yake hakusoma sana, lakini alitaka dunia ijue cherehani ni ya nani. Alichukua msumari akaandika jina lake ubavuni mwa kichwa cha ile mashine, herufi zimelala kama walevi, R imegeukia ukutani.

Cherehani hiyo iliivisha Puge. Sare za shule, magauni ya komunyo, suti za harusi, mapazia ya kanisa. Kisha mitumba ikaja kwa marobota, na sare zikaanza kuletwa zimekunjwa ndani ya nailoni, tayari, kutoka mijini. Eustadia akaingia kwenye vibarua vya mashamba ya tumbaku ya watu. Cherehani ikawa meza ya redio. Redio ilipokufa, kuku akataga kwenye droo, na Eustadia hakumfukuza. Angalau kulikuwa na kitu kinachofanya kazi pale.

Ndipo ugonjwa ukaingia nchini. Shule zikafungwa, ndoo za maji zikawekwa mlangoni kwa kila mtu, na ghafla kila kinywa kikatafuta kitambaa. Watu waliokuwa wakimpita Eustadia bila kumtazama wakaanza kumwamkia wakiwa mbali. Cherehani zilitolewa uvunguni, darini, kwenye mabanda ya mbuzi. Sindano zikaadimika madukani. Na yule mzee ambaye watu walikuwa wamemsahau kabisa, fundi Yahaya wa Kanyenye pale Tabora mjini, anayetengeneza cherehani kama baba yake alivyotengeneza, akawa anatafutwa kuliko daktari. Alipanda basi na sanduku lake la vyuma, akashuka Puge, akapanda tena, akashuka Ziba. Kila aliposhuka alikuta foleni.

"Shikamoo, fundi," Eustadia alimwambia alipofika kwake.

"Marahaba, mama. Ehee, mgonjwa wetu yuko wapi?" Aliilaza mashine ubavu, akachungulia tumboni, akachomoa nyoya. "Huyu mmekuwa mkimlisha nini?"

"Alikuwa na mpangaji."

"Na mpangaji kahama bila kufagia. Wapangaji wa siku hizi!" Akacheka, kisha akazungusha gurudumu kwa kidole. Mashine ilikohoa. Ilikuwa na kikohozi hicho tangu enzi za Recheli. Kila mzunguko, koh, halafu mshono mmoja unarukwa. "Hiki chuma kinachobeba bobini kimelika. Hapa siwezi, mayu, mama yangu. Huyu mpaka aje mjini."

Mjini kulikuwa na mpango. Kijana mmoja, Emilian, mtoto wa Ziba aliyesoma akarudi na shati jeupe, alikuwa ameletewa mradi. Waliuita Pumzi Yetu. Walikuwa wamepewa ghala la zamani la tumbaku karibu na reli, lile lenye kuta zinazokuwashia pua hata leo ingawa tumbaku yenyewe ilishaondoka siku nyingi, na waliolima bado wanaisubiri shukrani. Emilian alipita vijijini mwenyewe. Alisalimia vizuri, alikaa kwenye vigoda, alikunywa maji ya mtungini. Akasema: leteni cherehani zenu ghalani, fundi atazitengeneza bure, mtashona barakoa za mradi, kazi ikiisha kila mama anaondoka na mashine yake ikiwa mpya. Nani angekataa? Ni mtoto wa nyumbani. Wanawake tisa walipeleka mashine tisa, nyingine kwenye basi, nyingine zimefungwa nyuma ya baiskeli kwa mipira, kilomita na kilomita, kwa njia ileile ambayo babu zao waliipita wakibeba pembe za ndovu za watu.

Eustadia alikwenda na jirani yake Advera, mwanamke mpole mwenye kifua chepesi kushikwa na maradhi, aliyekuwa akishona huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini kabisa. Ghalani walimkuta mshonaji mwenzao, Tatu. Tatu ni wa hapo hapo Tabora, ila babu yake alikuwa Mzaramo aliyepanda bara na misafara akasahau kurudi, na kwa hiyo yeye na Wanyamwezi ni watani. Alimwona Eustadia amejitwika kichwa cha cherehani, akapiga kigelegele.

"Haya! Wapagazi wameingia! Nyie Wanyamwezi mkiona kichwa kitupu mnaumwa. Njoo ubebe na yangu!"

"Na nyie Wazaramo," Eustadia akamjibu akihema, "msipobebwa hamfiki popote. Babu yako mpaka leo anasubiri wa kumrudisha."

Wakapatana hapo hapo. Walishona pamoja, watatu kwenye dirisha moja, na kwa miezi ile michache Eustadia alikuwa mshonaji tena. Mguu ulikumbuka. Jioni vidole vilinuka mafuta ya mashine badala ya tumbaku.

Kisha ikasikika kwamba wageni wanakuja kuutazama mradi. Emilian akaingia ghalani, akazitazama zile mashine tisa, kila moja na kutu yake na ulemavu wake, akakunja uso.

"Fundi, hizi zinatia aibu. Zipige rangi. Zote nyeusi, zote sawa."

Yahaya hakusita. Huo ndio ufundi alioufundishwa na baba yake: chombo cha mtu hakirudi kwa mwenyewe na sura kiliyokuja nayo. Alileta rangi ya kupuliza, na wanawake wakagawiwa msasa wa kukwangulia kutu. Wakafanya kazi hiyo wakiimba. Eustadia alifika kwenye ubavu wenye jina. Akatazama zile herufi, ile R iliyogeuka. Akawafikiria wageni, na kamera zao.

Akaweka msasa juu yake.

"Mbona unamfuta mama?" Advera akamuuliza.

"Watacheka mwandiko wake."

"Wacha wacheke, Eustadia."

Lakini alikuwa ameshaanza, na msasa ulikuwa mkali. Jina likawa vumbi la kijivu mapajani mwake, akalikung'uta kwa kanga. Yahaya akapuliza rangi. Kesho yake mashine tisa zilikaa mstari mmoja, nyeusi, zinang'aa, kila moja na karatasi ya Pumzi Yetu shingoni. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakasema vizuri sana, wakaondoka.

Haukupita muda tukaambiwa ugonjwa umeondoka. Barakoa zikavuliwa. Aliyevaa alichekwa, akaambiwa analeta uchuro. Ijumaa moja wanawake waliagana waende makwao wakapumzike. Jumatatu wakakuta kufuli. Walipompata Emilian, alikuwa mtu mwingine. Hakukaa kwenye kigoda.

"Mama zangu, mradi umefungwa. Vilivyomo ni mali ya mradi."

"Cherehani ni zetu, baba," Eustadia alisema. "Umetuona tukizileta."

"Sikatai. Sasa mwenye yake anionyeshe ni ipi. Ana risiti? Ana alama?"

Alama! Waliangaliana. Huyu alikuwa na tone la rangi ya kucha chini ya meza, yule alifunga kitambaa chekundu kwenye mguu, mwingine alikuwa na ufa. Vyote vilikwanguliwa, vilipakwa, vilitupwa. Eustadia alifungua mdomo aseme kwamba mama yake aliandika jina, kisha akakumbuka lile vumbi mapajani. Akaikung'uta kanga yake, kana kwamba bado limo.

Wakaanza kuja kuketi kwenye baraza ya ghala. Wanarudi vijijini, wanapalilia, wanarudi mjini, wanaketi. Emilian akajifunza kuingilia mlango wa nyuma.

Mwaka mpya ulipoingia, ugonjwa ambao ulikuwa umeondoka ulirudi bila kutajwa jina. Watu wakawa wanakufa kwa kifua. Ndoo zikarudi milangoni kimyakimya. Na mahitaji ya cherehani yakarudi pia, safari hii kwa kunong'ona. Wafanyabiashara wakawa wanamfuata Yahaya wakitaka vichwa vya mashine kuukuu, popote vilipo. Ikajulikana kwamba Emilian amepata mnunuzi Dar es Salaam, wa zote tisa.

Wakati huohuo Advera akalala. Kifua kile chepesi kilikataa hewa, na wiki haikwisha akafa. Hospitali waliandika nimonia. Aliyemuuguza alijua.

Hapo ndipo Eustadia na Tatu walipopanga jambo lao, na nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu ni jambo ambalo watu wa huku tu ndio wangelipanga. Emilian angekuja mazishini. Mtoto wa nyumbani hawezi kukosa. Pale asingeweza kutokea mlango wa nyuma. Lakini msibani hakuna mtu anayeruhusiwa kupaza sauti akadai kitu. Isipokuwa mmoja. Mtani anaruhusiwa. Mtani anaweza kumtukana marehemu, kuzuia jeneza, kuingia kaburini akalala, na waombolezaji wanacheka huku wanalia, na hawamgusi mpaka wampe anachotaka.

"Wewe huwezi kusema," Tatu alimwambia Eustadia. "Wewe mfiwa. Niachie mimi. Mbele ya padri, mbele ya kijiji, atajibu nini?"

"Atajibu kweli?"

"Mtani hakataliwi. Umewahi kuona?"

Eustadia hakuwahi kuona. Akakubali. Alikuwa na sababu yake ya kuharakisha: mwalimu mkuu wa Puge alikuwa amemwahidi sare za watoto wapya wote, akimpa mpaka mwisho wa mwezi aonyeshe kwamba ana cherehani. La sivyo zingeagizwa zile za nailoni, na yeye angerudi kwenye tumbaku akiwa na mgongo ambao tumbaku ilishaumaliza.

Siku ya kumzika Advera watu walijaa, barakoa chache sana. Emilian alikuja na gari, na shada la maua. Jeneza lilipofikishwa kaburini, Tatu akajitokeza katikati ya watu, akaketi ukingoni mwa shimo, miguu ndani, akaanza kupiga pedali hewani. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mikono inasukuma kitambaa kisichokuwepo.

"Haendi!" akapiga kelele. "Mnyamwezi huyu haendi popote! Huko mnakompeleka ataulizwa unajua kazi gani, aseme mimi mshonaji. Ataambiwa haya, shona. Atashona kwa meno?"

Kicheko kikapasuka. Wanaume waliobeba jeneza waliliweka chini, mabega yanatikisika.

"Emilian! Mtoto wa Ziba! Usijifiche nyuma ya maua, nimeona masikio! Toa cherehani ya maiti wangu. Toa na za wenzake. Usipotoa, tunakuzika wewe, shimo tunalo tayari, na wewe ni mfupi, tutabakiza udongo!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Katekista alijifuta macho kwa joho. Eustadia hakucheka. Alimtazama Emilian tu. Na Emilian alikuwa anacheka. Akainua mikono juu, akapiga hatua mbele, akasema kwa sauti watu wote waisikie:

"Nimeshindwa, mtani! Jumatatu njooni mchukue zote tisa! Mwache dada yetu apumzike!"

Makofi, vigelegele. Tatu akainuka, akajikung'uta mchanga. Advera akashushwa. Eustadia alilia sana, na ndani ya kilio kile kulikuwa na kitu chepesi, kwa sababu ahadi ilikuwa imesikiwa na kijiji kizima.

Jumatatu walikuwa ghalani asubuhi, wanane, na kamba na magunia ya kufungia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ndani Yahaya alikuwa anafungua vichwa vya mashine kwenye meza zake, anavizungushia matambara. Eustadia akadhani vinaandaliwa kwa ajili yao.

"Mama zangu," Emilian akasema. "Mbona mmekuja wengi?"

"Ulisema Jumatatu," Tatu akamjibu.

"Nilisema?" Akawatazama mmoja mmoja, kisha akatabasamu. "Aa, pale! Mama, si ulikuwa utani ule? Mtu anaahidi kwenye utani? Basi na mimi mngenizika." Akacheka peke yake.

Tatu aliliachia gunia lake likaanguka. Alisimama na kamba yake mkononi. Wangesema nini? Wangemwita nani ashuhudie? Kijiji kizima kilisikia, na kijiji kizima kilicheka. Walikuwa wameuchukua ukweli wao wakauvisha mzaha ili uweze kupita, nao ulipita kweli, ukapita moja kwa moja bila kusimama popote.

Emilian alimgusa Eustadia bega. "Wewe mama njoo ndani kidogo."

Akampeleka mpaka kwenye mashine moja iliyokuwa bado kwenye meza yake. Akaongea polepole, kama mtu mwema. "Mimi sina roho mbaya. Nimesikia habari ya sare. Chukua moja. Yoyote. Nitamweleza mnunuzi ni nane. Ila waambie wenzako waende nyumbani, msiniharibie."

Eustadia akaketi. Aliweka mguu kwenye pedali, akazungusha gurudumu, akakanyaga. Mashine ilikimbia laini kama maji. Akasikiliza. Akangoja kile kikohozi cha mama yake. Hakikuja. Akahamia kwa Yahaya, aliyekuwa ameinama na bisibisi yake.

"Fundi, nionyeshe yangu. Wewe uliniponyea."

Yahaya hakuinua uso. "Mama, vipuri havikuwepo. Mipaka ilifungwa. Nilichukua chuma cha hii nikaweka kwenye ile, shafti ya ile nikaweka kwenye hii. Ndiyo njia pekee zingetembea zote." Akafuta bisibisi kwenye suruali. "Yako imo humu. Imo kwenye zote. Kila moja imebeba kipande cha mwenzake."

"Na hii?"

"Hiyo ina kitu cha marehemu. Na cha Tatu nadhani. Sikumbuki vizuri."

Eustadia aliiangalia ile mashine nyeusi. Aliitaka. Usimfanye malaika, aliitaka mpaka vidole vilimuuma. Aliona sare za bluu zimekunjwa, aliona mwalimu mkuu anaitikia kwa kichwa. Alishusha sindano, akaipandisha tena.

"Sisi tulikuwa tisa," alimwambia Emilian. "Mashine tisa. Hata kama hatujui ipi ni ya nani, zimechanganyika zetu kwa zetu. Yako haimo. Ya huyo wa Dar haimo. Tupe zote, tutagawana wenyewe."

"Nimekwambia moja."

"Zote."

"Basi hakuna, mama." Na hakuwa na hasira hata kidogo. "Fundi, malizia na hii."

Yahaya alimalizia. Skrubu moja moja, mpaka kichwa kikatoka mezani.

Nje, Eustadia alipowasimulia, hakuna aliyempigia kigelegele. Mwanamke mmoja wa Ziba alimgeukia kwa ukali: "Moja umeikataa? Moja si tungeshona kwa zamu? Umetunyima na hiyo, kwa sababu ya maringo!" Akafunga kamba yake kwenye gunia, akaondoka. Wawili wakamfuata. Mchana akaondoka mwingine, amekumbuka mtoto. Eustadia hakuwazuia. Hajui mpaka sasa kama alikosea. Mwisho wa mwezi umefika, na mwalimu mkuu ameagiza zile za nailoni.

Hapo barazani wamebaki wanne. Tatu ameketi ameegemea mlango, na hata ukimtania hajibu.

Sasa sikia wewe. Lori limeshaegeshwa uani mwa ghala, turubai limekunjwa tayari. Linapakia kesho asubuhi na kushika njia ya pwani, njia iliyobeba pembe zetu, na karanga zetu, na tumbaku, na kila mara tulisimama kandokando tukitazama mgongo wa mzigo ukipotea vumbini, kisha tukarudi nyumbani kusimuliana. Wanawake wanne hawazibi lango la lori. Dereva atapiga honi mara mbili, watasukumwa na mgambo, yataisha. Arobaini wanaziba. Mia wanaziba, na dereva anazima injini anashuka kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo usinipe pole, na usiniambie inasikitisha. Unajua ghala liko wapi. Ni kule relini, hata harufu itakuelekeza. Mwamshe mkeo, mwite jirani, mwambie bodaboda wa kijiweni asipakie abiria asubuhi hiyo ila aje. Njoo kabla honi haijapigwa, usimame langoni, na usisogee mpaka zimeshushwa zote tisa.

Inuka.